Nani hulipia maktaba za JavaScript?

Machi 2022 wahandisi wa GOV.UK, tovuti kuu ya huduma za serikali ya Uingereza, waliing'oa kwenye kurasa zao jQuery, maktaba ya JavaScript, yaani rundo la msimbo (maagizo kwa kompyuta) ulioandikwa tayari kwa lugha inayozipa kurasa uhai ndani ya kivinjari. Kilichopungua kwa kila ukurasa kilikuwa kilobaiti 32, mzigo mdogo kuliko picha nyingi tunazotumiana WhatsApp kila asubuhi. Ungeweza kuuliza kulikuwa na haja gani ya kusumbuka. Vipimo vyao wenyewe vilijibu: nafuu ilionekana hata kwa watu wenye vifaa dhaifu na mtandao mbovu, ambao ndio huachwa nyuma kila tovuti inapoongezwa manjonjo.

jQuery haikuwa mbaya. John Resig alipoitoa mwaka 2006, kila kivinjari kilikuwa na tabia zake, na msimbo uliokubali kwenye Firefox uligoma kwenye Internet Explorer 6. Maktaba ile ilikupa mstari mmoja unaofanya kazi kote. Baadaye vivinjari vyenyewe vikapata amri zao za kufanya kazi hizo, kama querySelectorAll, classList na fetch, na kwa wengi sababu ya kuibeba ikaisha. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, waliachana nayo 2018. Bootstrap, seti ya vipande tayari vya kujengea kurasa, wakaiondoa kwenye toleo la 5, mwaka 2021. Kwa hiyo maktaba yoyote naiuliza swali moja: unatatua tatizo gani, na je, tatizo hilo bado lipo?

React, maktaba ya kujengea sehemu za ukurasa zinazobadilika, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, inalo jibu. Aliyewahi kuunda kikapu cha duka la mtandaoni kwa mkono anajua karaha yake: namba iliyo juu ya ukurasa inasema bidhaa 3, kikapu kinaonyesha 2, na jumla ya bei haikubaliani na kimojawapo. React na Vue, iliyoletwa na Evan You mwaka 2014, zinakutaka utunze hali ya mambo mahali pamoja, kisha zenyewe zinachora upya sehemu zilizobadilika. Kwa mfumo wa kuchagua viti vya basi, au ukurasa wa mhasibu wenye jedwali na vichujio kumi, kuzikataa ni ukaidi.

Gharama ipo kwingine. React pamoja na react-dom, sehemu yake inayochora kwenye kivinjari, huzidi kilobaiti 40 baada ya kubanwa, kabla hujaandika mstari wako wa kwanza. Nazo hazilingani na kilobaiti 40 za picha. Picha ikishafika, kazi iliyobaki ni ndogo. JavaScript ikifika, simu lazima iifungue, iisome na kuitekeleza, na muda huo wote prosesa ya simu ya bei nafuu inahema. Msanidi haoni hayo. Anajaribia kazi yake kwenye kompyuta yenye nguvu, ofisini, kwenye intaneti ya faiba. Anayefungua ukurasa huo kwa bando la siku ndiye anayetazama skrini nyeupe, kwa sababu kila kitu kinasubiri JavaScript ije ikichore.

Watetezi watasema dawa ipo: chora ukurasa kwenye seva kwa Next.js, mfumo uliojengwa juu ya React, na wenzake. Ni kweli, maandishi yanaonekana mapema. Lakini mara nyingi ukurasa uleule husafirishwa mara mbili, kwanza kama HTML, lugha ya maandishi na muundo wa ukurasa, halafu kama JavaScript ya kuuamsha, na katikati hapo mtu anabonyeza kitufe ambacho bado hakisikii.

Upande wa pili, wale wa "andika kila kitu mwenyewe", nao wana lao la kujibu. Chukua kisanduku cha kutafuta kinachopendekeza majina unapoandika. Kinaonekana chepesi. Sasa kifanye kitii mishale ya kibodi, kijifunge kwa Esc, kisipoteze mahali mtumiaji alipo, na kieleweke kwa asiyeona anayetegemea programu ya kusoma skrini. Maktaba nzuri imepita kwenye mitego hiyo kwa miaka, ikarekebishwa na watu ambao hutawajua. Au ramani: Leaflet, iliyotolewa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, ni ndogo na imetulia, sioni kwa nini mtu aanze kuandika upya mahesabu ya kuvuta na kukuza ramani kwa vidole viwili. Isitoshe, msimbo wako wa mkono nao ni maktaba, ila haina maelezo na mjuzi wake ni mmoja. Siku ukipata kazi kwingine, anayerithi anabaki akikulaani.

Lipo pia suala la usalama, ambalo sisi tunaopenda kunakili kiungo cha maktaba iliyo kwenye seva ya watu wengine na kukibandika hatulipi uzito. Februari 2024 anwani ya polyfill.io, iliyokuwa ikigawa msimbo wa kusaidia vivinjari vya zamani, ilipata mmiliki mpya, na kufikia Juni ilibainika kuwa inapachika msimbo hasidi kwenye tovuti zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikiivuta moja kwa moja. Wenye tovuti hawakuwa wamebadilisha chochote. Faili ya maktaba ukiiweka kwenye seva yako, unaziba angalau mlango huo.

Kwa tovuti ya kusomwa, iwe ya shule, zahanati au gazeti, msimamo wangu ni mkali: HTML, CSS ya kupamba na mistari michache ya JavaScript vinatosha. Kivinjari tayari kina details ya kukunjua maelezo, dialog ya dirisha dogo na kisanduku chake cha tarehe. Picha zinazoteleza zenyewe juu ya ukurasa hazijaombwa na msomaji. Zimeombwa na bosi.

Ubishi halisi uko kwenye duka la mtandaoni, kwa sababu nusu yake ni ya kusomwa na nusu ni ya kutenda. Wenzangu wengi wangelijenga lote kwa React, wakisema timu inahitaji namna moja ya kufanya kazi, na matangazo ya ajira yanawaunga mkono. Mimi ningeacha orodha ya bidhaa itoke kwenye seva kama HTML tupu, kisha kikapu peke yake nikipe Preact, ambayo haizidi kilobaiti 5 na huandikwa karibu sawa na React. Timu italalamika kwamba ina mitindo miwili ya kutunza. Italalamika kwa haki, na bado ningefanya hivyo.