Ukame na punje inayoota: si kila seli inayokufa ni hasara

Hoja iliyozoeleka kuhusu ukame na uotaji wa nafaka ni fupi: maji yakipungua, molekuli haribifu za oksijeni huongezeka, utando wa seli huvuja, seli hufa, mbegu haioti. Anayepima vifo vya seli kwenye punje iliyonyimwa maji hutarajia kukuta vingi, na akikuta vichache huandika kwamba aina hiyo inastahimili ukame. Hesabu hiyo inasahau kwamba ndani ya punje ya ngano au shayiri kuna seli ambazo kazi yao huishia kwenye kifo, na ukame huweza kujionyesha kwa kuzichelewesha.

Seli hizo ni za aleuroni, tabaka hai linalozunguka wanga: safu moja kwenye ngano na mahindi, kama tatu kwenye shayiri, nalo hubanduka pamoja na pumba punje ikikobolewa. Punje ikishanywa maji, kiinitete hutoa jiberelini, homoni ya kuamsha uotaji. Aleuroni huipokea, huunda amilasi, yaani kimeng'enya cha kuvunja wanga, na vimeng'enya vya kuvunja protini, kisha huvimwaga kwenye wanga. Vakuoli zake ndogondogo (vifuko vilivyo ndani ya seli) huungana mpaka moja kubwa inajaza seli, katalasi na vimeng'enya vingine vya kuzuia peroksidi ya hidrojeni, mojawapo ya molekuli haribifu za oksijeni, hupungua, na mwishowe utando hupasuka. Homoni nyingine, asidi abisisiki, huvuta upande wa pili. Seli za aleuroni ya shayiri zilizovuliwa kuta na kutiwa jiberelini hufa ndani ya siku chache. Zenye asidi abisisiki zimewahi kukaa hai miezi kadhaa.

Na asidi abisisiki ndiyo homoni ambayo mmea huipandisha ukikosa maji. Punje iliyokwama kwenye unyevu haba hutazamiwa kuwa na aleuroni hai kuliko mwenzake iliyoshiba, na mtu akihesabu vifo bila kujua hilo atasoma matokeo kichwa chini. Kuchelewa huko kuna faida kubwa ambayo haipewi uzito unaostahili. Aleuroni ikifa kabla mzizi haujapata maji ya kutosha, wanga huwa umeshaanza kugeuka sukari isiyo na wa kuitumia zaidi ya kuvu, na tabaka lililokufa halirudi kuunda amilasi mvua ikija. Ikibaki hai, kazi huendelea pale ilipokatikia. Gharama ipo pia: wanga huvunjwa polepole, chipukizi hutoka jembamba, na punje inayolala udongoni siku nyingi huliwa na wadudu.

Hoja iliyozoeleka ina haki yake kwenye ncha ya mzizi. Kabla mzizi haujatokeza, kiinitete huweza kukauka tena na kufufuka. Ndiyo sababu mbegu huweza kulowekwa, kukaushwa na kupandwa baadaye. Mzizi ukishatoka milimita chache, uwezo huo hupotea haraka kwenye mzizi wenyewe. Ukavu ukiingia hapo, seli zinazogawanyika kwenye ncha hufa, na kifo hicho ni hasara tupu. Hata hivyo ngano na shayiri mara nyingi huokoka kwa kuotesha mizizi mipya pale ya kwanza ilipokauka, mradi chipukizi halijafa na wanga bado upo. Akiba hiyo ya wanga haitumiki bila aleuroni iliyofanya kazi yake.

Tofauti ya sehemu hizi inaonekana kwa wembe na tetrazoli, kemikali inayogeuka nyekundu ndani ya seli hai. Pasua punje kwa urefu, izamishe kwenye tetrazoli ya asilimia 1 kwa saa chache mahali pa joto. Kiinitete kizima huwa chekundu. Katikati hubaki peupe hata kwenye mbegu bora, kwa sababu seli za wanga zilikwishakufa punje ilipokuwa ikikomaa. Chini kidogo ya ganda hupita mstari mwembamba mwekundu: hiyo ndiyo aleuroni. Kwenye ngano yenye maji ya kutosha mstari huo hufifia kwa siku kuanzia upande wa kiinitete kuelekea ncha ya pili. Anayesaga punje nzima na kupima uvujaji kwa jumla huchanganya habari tatu zinazopingana: ya kiinitete, ya wanga na ya aleuroni.

Makosa mengine huanzia kwenye ukame wa maabara. Ukame huo huigwa kwa polietilini glikoli 6000, kemikali inayoyashika maji yasinyonywe kwa urahisi, na ukali wake hupimwa kwa megapaskali: namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, ukavu umezidi. Gramu 200 kwa kilo ya maji hutoa takriban megapaskali -0.5 kwenye nyuzi 25. Gramu 300 hutoa karibu -1.0. Kwenye nyuzi 15, gramu 200 zilezile hushuka karibu na -0.6, kwa hiyo chumba kikipoa ukame umeongezeka bila mtu kugusa kitu. Majimaji hayo ni mazito na oksijeni hupita ndani yake kwa shida. Punje ikizama kabisa hukosa hewa, na vifo vinavyofuata huandikwa kwa jina la ukame. Laza punje juu ya karatasi iliyolowa, zisizame, na badilisha majimaji kila siku mbili, maana yakipoteza maji kwa uvukizi huwa makali zaidi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuzirudisha punje kwenye maji safi baada ya siku za ukame, kisha kufuatilia amilasi na ule mstari mwekundu. Mstari ukififia kwa mpangilio huku amilasi ikipanda, aleuroni ilikuwa inangoja tu. Ukikuta umekatika vipandevipande na amilasi haipandi, ukame uliiua kabla ya zamu yake.