Sijapanda Cheo, Nimehama Darasa

Siku ratiba mpya ilipobandikwa ofisini, jina langu likiwa mbele ya Darasa la Nne B, nilipewa hongera nyingi kuliko siku niliyojifungua. "Madam, hatimaye umekua!" alisema mwenzangu wa hisabati, ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Miaka tisa ya kufundisha darasa la awali, yaani chekechea, ilishanizoesha utani huo: mwalimu wa nyimbo, mwalimu wa makamasi, mwalimu wa uji.

Shule yetu iko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Upepo ukitoka ziwani, harufu ya dagaa inaingia darasani kabla ya mwalimu.

Wiki ya kwanza niliumbuka. Binti mmoja alijibu swali vizuri, nami kwa mazoea nikasema, "Haya, tumpigie makofi ya maua!" Mikono yangu tayari iko juu, vidole vinacheza. Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika kabisa, "Huyu madam anatuona chekechea." Nikashusha mikono kama mtu aliyepungia daladala ikampita.

Masomo yenyewe hayakunitisha. Madaftari ndiyo yaliyonimaliza. Kwenye darasa la awali nilikuwa naweka alama ya vema na kinyota, mtoto anaruka kwa furaha. Huku nabeba mzigo wa insha hadi nyumbani, na asiyeridhika na alama zake anakuja mezani kudai haki. Mahudhurio nayo yanafuata mwezi. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa zake, asubuhi kuna wa kuanika na kugeuza, madawati yanabaki wazi. Mbalamwezi ikija, darasa linajaa.

Hesabu za sehemu zilitaka kunishinda, mpaka siku nilipoingia na sado tupu, lile kopo kubwa la kupimia dagaa, na kopo dogo la robo yake. Nikauliza makopo mangapi yanajaza sado, na nikiuza matatu nimebakiwa na kiasi gani. Mikono ikapanda hadi dirishani. Mmoja akauliza kwa uzito wote wa mfanyabiashara: "Madam, ni sado nzima au ile iliyobonyezwa kitako?" Hilo halimo kwenye andalio langu la somo. Tulilijadili hata hivyo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa nyuma. Nilimsimamisha asome aya kitabuni. Akasoma bila kukwama, anapumua kwenye nukta, sauti nzuri hata nikamsogelea nimsikilize vizuri. Nilipofika ndipo nikaona kidole chake: kilikuwa mstari wa pili, mdomo ulishafika mwisho wa aya. Nikamwonyesha neno moja tu, "mvua". Akatazama dari. Aya nzima aliikariri kwa kuwasikia wenzake.

Darasa la Nne, na upimaji wa kitaifa uko mbele yake! Nilipomuuliza mama yake, akaniambia awali hakupita. Wakati ule familia ilikuwa kambini visiwani Ukerewe, baba anafuata samaki, na waliporudi umri ukawa wa kuanza darasa la kwanza moja kwa moja. Aliyenicheka kwa mambo ya chekechea ni yuleyule ambaye chekechea ilimpita. Tangu siku hiyo, wenzake wakishatoka, nachomoa boksi langu la vizibo vilivyoandikwa herufi, tunaanza ba, be, bi. Mlango tunaurudishia, heshima yake naijua.

Ndiyo maana hizi hongera zinanikereketa. Sera ya Elimu ya 2014 iliifanya awali kuwa ya lazima, na kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nilikuwa na zaidi ya 80, mkeka mmoja na chaki za kugawana. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwenye kikao wangapi wanazijua herufi. Darasa la Nne lina mtihani, basi macho yote yako huko, semina ziko huko. Awali anapelekwa aliyeajiriwa juzi, au anayesubiri kustaafu, au aliyemuudhi mtu. Mimi ningeanza kupanga ratiba kutoka chini: mwalimu hodari kuliko wote awali, anayemfuata darasa la kwanza, tuliobaki tugawane.

Wenzangu wananiambia nasema hivyo kwa sababu sijaonja presha ya matokeo. Nimeionja, jamani. Tangu Agosti silali vizuri. Lakini kinachoninyima usingizi ni ile "mvua", wala haikuanzia Darasa la Nne.

Ijumaa nilimpelekea mwalimu mkuu barua ya kuomba kurudi awali mwakani. Akaisoma, akavua miwani, akafunga mlango, kisha akaniuliza kwa upole nimegombana na nani.