Dini ibariki ndoa, umri uamuliwe na sheria

Mimi ni muumini, na sitaki kuishi katika nchi ambayo serikali inampangia shehe au padri namna ya kufungisha ndoa. Nashukuru kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikufanya hivyo. Kwa Tanzania Bara (Zanzibar ina utaratibu wake), sheria hiyo hiyo moja inaitambua ndoa ya msikitini, ya kanisani, ya kimila na ya bomani. Ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi, ya Kikristo ni ya mke mmoja. Hata wanandoa wanaotaka kuachana hawakimbilii kwa hakimu. Kwa kawaida huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na mengi ya mabaraza hayo yanaendeshwa na taasisi za dini. Hapo dini imepewa nafasi, tena nafasi nzuri, kwa sababu kiongozi anayeijua familia ana uwezo wa kuwaweka watu kitako kuliko karani wa mahakama.

Ugomvi wangu uko kwenye kifungu cha 13 na cha 17. Vifungu hivyo vinamruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18, lakini msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Kwa aliye chini ya miaka 18 inatakiwa idhini ya baba. Mama anaulizwa baba akiwa amefariki. Mzazi aliyembeba tumboni anasubiri mumewe afe ndipo neno lake lihesabiwe!

Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ilitungwa kwa kuzingatia mila na imani za dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo na umri ukatakiwa urekebishwe uwe miaka 18 kwa wote ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, Bunge halikurekebisha.

Hoja ya dini ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatumika vibaya. Hakuna dini ninayoijua hapa kwetu inayomwamuru mzazi amwoze binti wa miaka 15. Wanaotetea wanazungumzia ruhusa, wala si faradhi. Serikali ikizuia jambo ambalo Mungu ameamrisha, hapo imeingilia ibada. Ikisema tu subirini miaka mitatu, ibada gani imeharibika? Na dini zote mbili kubwa zinataka ridhaa ya bibi harusi. Ridhaa gani anaitoa mtoto ambaye posa imeshapokelewa, mahari imeshaliwa, na wajomba wamekaa barazani wakisubiri aseme ndiyo?

Wapo wanaosema heri aolewe kuliko apate mimba nyumbani. Nawaelewa wazazi wenye hofu hiyo, hasa vijijini ambako sekondari iko mbali. Lakini tazama sheria zetu zenyewe. Tangu 2016, Sheria ya Elimu inamtia hatiani anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na kifungo chake ni miaka 30. Kwa hiyo wasichana wawili wa miaka 15 wa mtaa mmoja, mmoja akiwa kidato cha pili na mwenzake aliishia darasa la saba, hawalindwi sawa. Wa pili, ambaye tayari amekosa shule, ndiye anayeruhusiwa kuozwa.

Sheria imeshawahi kuwalinda wanawake bila kuvunja imani ya mtu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Waislamu waliendelea kuswali na Wakristo kwenda misa.

Viongozi wa dini waendelee kuulizwa kuhusu usuluhishi, mahari, malezi na hata talaka. Kuhusu umri, mahakama mbili zimeshatamka. Kinachosubiriwa ni wabunge wafute 15 waandike 18, na kumwondoa baba kwenye idhini ambayo haitakuwa na kazi tena.