Uzalendo wa Kariakoo si chuki kwa mgeni

Amri ya Tanzania ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuanzia duka la rejareja hadi uwakala wa pesa za simu na ufundi simu, ilipokewa vibaya Nairobi. Wakenya walisema inavunja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 2010. Wana hoja: itifaki tuliisaini wenyewe, na kwa jirani wa Jumuiya ningependa tuiheshimu. Ipo pia hofu ya hapa nyumbani, kwamba ukianza kumsaka mgeni utaishia kukagua rangi za watu. Nyerere aliiona hatari hiyo mwaka 1961, alipowakatalia wabunge waliotaka uraia upimwe kwa rangi.

Ila anayedai wafanyabiashara wa Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, wanaiunga mkono amri hii kwa kuiogopa dunia hajawahi kusimama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Pale watu wanakula kwa sababu ya dunia. Mzigo unatoka Guangzhou, wateja wanatoka Lusaka na Lubumbashi. Kwa miaka mingi kila mtu alikuwa na nafasi yake: Mchina anatengeneza, Mtanzania anaufuata mzigo, analipia kontena, anauza. Sasa mwenye mzigo amekuja mwenyewe, amechukua fremu, na anauza jumla na rejareja kwa bei ambayo aliyenunua kwake hawezi kuigusa. Huo mimi siuiti ushindani.

Kijana wa hapa huanza kwa kumwaga bidhaa chini. Akijaliwa anapata meza, kisha anagawana fremu na wenzake, baadaye wanachangia kontena. Uwakala na ufundi simu ni kazi za mtaji wa kuungaunga. Mtu aliyevuka bahari na mtaji wake anazitafutia nini? Mwenye supamaketi hajaguswa na amri hii. Kinacholindwa ni pale pa kuanzia.

Kinachonikosesha raha ni adhabu. Mgeni akikutwa na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo hadi miezi 6. Raia aliyemsaidia ni milioni 5 au miezi 3. Nusu tu ya adhabu ya mgeni! Mgeni hakuruka ukuta kuingia Kariakoo. Kuna mwenzetu aliyemwazima jina, na mwingine aliyempangisha fremu kwa kodi ambayo kijana wa Mbagala haiwezi. Huyo anaijua nchi, anajua anamfungia nani njia, halafu anahesabiwa mkosaji mdogo. Ningekuwa mtunga sheria, ningeanza na yeye. Maana afisa biashara akija kukagua, leseni ukutani ina jina la Mtanzania, risiti zinatoka kwa jina la Mtanzania, na kijana anayejibu maswali kaunta ni Mtanzania, wa kulipwa kwa siku. Mwenye duka yuko stoo, anahesabu mauzo.