Faini iliyokwisha kuhesabiwa kwenye gharama
Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba miji ya Marekani ikitumia kiwango kimoja huria cha data za kando ya barabara, magari ya mizigo yataacha kuziba njia kwa sababu madereva watajua pa kusimama. Sikubaliani na sababu hiyo. Kiwango chenyewe, CDS (Curb Data Specification), kilichotolewa mwaka 2022 na Open Mobility Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara inayounda viwango huria vya data za usafiri mijini, kina manufaa yake: kinaziandika kanuni za kila kipande cha ukingo wa barabara, yaani nani anaruhusiwa kusimama, saa ngapi na kwa malipo gani, katika muundo ambao kompyuta ya jiji na ya kampuni zinausoma sawasawa, badala ya kutegemea vibao ambavyo hata mwenyeji huvisoma mara mbili. Lakini jijini New York kampuni za usafirishaji zimelipa kwa miaka mingi faini zilizopunguzwa, kwa mpango maalumu na jiji lenyewe. Dereva wa kampuni hizo anaijua sheria vizuri mno; anaivunja kwa kuwa nafasi za kupakulia ni chache na faini imekwisha kuingizwa kwenye bei. Je, wasomaji mnaoishi kwenye miji iliyoanza kutumia mfumo huu, nafasi hizo zimeongezwa, au ni ramani tu iliyoboreshwa?