Inabeba kilo kumi, ila usiweke kamera

"Stendi ni stendi tu boss, si zote zina miguu mitatu?"

Hayo nimeambiwa leo mchana hapa Moshi mjini, nikitafuta stendi ya kamera, na mwenye duka ambaye nyuma yake kaning'iniza stendi za aina tatu na kila moja ina bei yake. Sasa kama stendi ni stendi tu, mbona moja elfu ishirini na tano na nyingine laki na themanini? Nikamuuliza. Akasema hiyo ya laki inakuja na begi. Begi! Kitambaa ambacho ukikitazama tu zipu inaachia.

Mimi ni mtu mzima na nina heshima zangu. Sipigi harusi, sipigi kipaimara, sipigi pasipoti saizi, na majirani hapo naomba mnielewe, maana mtu akikuona na kamera begani basi kila Jumapili anakuletea mtoto wa ubatizo, tena bure, eti si unayo kamera. Mimi napiga mlima. Na huu mlima wetu wa Kilimanjaro mnaujua tabia zake, mita 5,895 zote hizo lakini ukiuhitaji haupo. Unatoka alfajiri, unajionyesha kidogo, ikifika saa tatu ushavuta mawingu umejifunika, mgeni katoka Ulaya kwa hela yake anaonyeshwa wingu. Kwa hiyo ukiutaka uamke saa kumi na moja, na saa kumi na moja mwanga hakuna, shata, kile kimlango cha kamera kinachopitisha mwanga, lazima ikae wazi sekunde nzima au mbili, na mkono wa binadamu ambaye hajanywa chai hautulii sekunde mbili. Watakwambia pandisha ISO, ile namba ya kuifanya kamera ione gizani. Haya pandisha, uone kilele cha Kibo kinavyotoka na chenga tupu.

Stendi ninayotumia sasa nilirithi kwa shemeji, kichwa, pale kamera inapokaa, kimelegea. Unalenga Kibo, unakaza, unakaza tena, unaachia mikono taratibu, unabonyeza, na muda wote shata iko wazi kichwa kinashuka zake pole pole, mwisho unakuta umepiga bati la jirani. Hilo bati nina picha zake za masika na za kiangazi. Mguu mmoja loki ilishakufa nimeufunga kwa mpira wa tyubu. Kile kibati cha kufunga chini ya kamera kilidondokea kwenye maji kule Materuni, na usidhani utapata kingine kirahisi, skrubu ya kuingia kwenye kamera ni ile ile ya robo inchi dunia nzima, hapo walielewana, ila kibati chenyewe kampuni nyingi zinachonga cha kwao, labda uwe na zile za mtindo wa Arca-Swiss ambazo angalau zinaazimana. Fundi wa kuchomelea pale Majengo alisema anitengenezee ya skwea paipu. Nikaona mchoro wake, ile ni ya simtanki.

Basi leo nikaingia dukani nimejipanga, kamera iko kwenye begi, maswali yangu kichwani. "Mangi, nataka stendi ya kamera, siyo ya simu, siyo ya ringi laiti." Akanishushia ya ringi laiti. Nikamwambia hii ni ya ringi laiti. Akaizungusha akanionyesha upande wa pili.

Nikavuta pumzi. Nikamweleza kistaarabu kwamba kamera yangu na lenzi yake ni kama kilo moja na nusu hivi, nataka kitu cha kuibeba. Ndo akashusha ile ya laki na themanini, akapuliza vumbi, akasema hii inabeba kilo kumi. Imeandikwa wapi? Kwenye boksi. Boksi liko wapi? Wanalo wanawekea chaja, na ule upande wenye maandishi ndo waliokata.

Nikaikagua. Mguu una vipande vitano, na hicho cha mwisho chembamba kuliko kidole changu, na hapo ndipo panapotetemeka, ndo maana mwenye akili anatafuta mguu wa vipande vitatu au vinne. Nguzo ya katikati kaivuta mpaka juu ili ionekane ndefu, wakati ukishaivuta ile ushawastaafisha wale watatu wa chini, kamera inaning'inia juu ya mguu mmoja. Nikaminya kichwa kwa mkono kikashuka. Mangi akasema hapo nimeminya kwa hasira.

Nikafungua begi nikatoa kamera niiweke. Mangi aliruka kutoka kwenye stuli, sikujua kama ana mbio.

"Boss unafanya nini?"

"Najaribu stendi."

"Hapana hapana, usiweke kamera."

"Nisiweke kamera kwenye stendi ya kamera?"

"Utaweka ukifika nyumbani. Hapa ikianguka mimi simo."

"Si umesema inabeba kilo kumi?"

"Inabeba."

"Hii ni kilo moja na nusu."

"Nimeelewa boss, lakini kamera ni kitu cha bei."

Jamani. Hapo watu wameshaanza kusogea, si mnajua mji wetu, ukipandisha sauti mara mbili una mkutano wa hadhara. Dereva boda akaingia na helmeti yake kichwani akasema mwache mzee ajaribu, mteja ana haki. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akasema Mangi yuko sawa, mtoto wa dada yake aliwahi kuvunja kamera ya watu mpaka leo familia hazisalimiani. Kijana anayebadilisha vioo vya simu pale kona, huyu hata macho hakuinua, akasema si mjaribu na kitu kingine chenye uzito huo huo. Watu wote wakaona hayo ni maneno ya busara. Kitu gani? Sukari. Duka la pili hapo lina sukari. Kilo moja na nusu, inapatikana wapi tena. Nani ananunua? Wakanigeukia wote. Mimi mteja, ambaye bado sijanunua chochote, nikaenda kununua sukari ya kumpimia mtu stendi yake.

Tukaitia sukari kwenye mfuko mbadala, paketi ya kilo na ya nusu, yule kijana wa vioo akaufunga juu ya kichwa cha stendi kwa waya wa chaja, kafunga vizuri kabisa lazima niseme ukweli. Mangi akaachia mikono. Kimya. Watu wazima saba tunatazama sukari. Dereva boda anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, Mangi ameshaanza kutabasamu, mama wa chaja anatikisa kichwa kwamba si aliniambia. Nikasema sawa, sasa ilaze pembeni, maana kuna picha za wima. Mangi akasema kwani kuna ulazima wa wima? Nikasema ilaze. Akailaza, akakaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, akaachia.

Kichwa kikaanza safari. Pole pole kwanza, kwa adabu zote, dereva boda kafika nne, halafu pu, chote kikageuka, stendi nzima ikaenda na upande wa mzigo, ile paketi ya nusu ikatua kwenye kioo cha kaunta ikapasuka katikati ya zile protekta za simu.

Nikamtazama Mangi. Nikangoja. Nikasema sasa huyu atasema nini.

Akasema, "Sukari siyo kamera."

Eti sukari inacheza ndani ya mfuko, kamera imetulia. Na wale watu, wale wale waliohesabu na mimi, wakaanza kuguna kwamba kweli jamani, sukari inacheza. Hata dereva boda! Mteja ana haki ameshaisahau! Halafu Mangi ananipa kitambaa nimsaidie kufuta kaunta, kwamba inanata.

Mimi nimechoka, nawaambia ukweli. Siombi makubwa. Ya kaboni faiba najua ipo duniani, nyepesi, mtikisiko unakufa haraka, bei yake ukitajiwa unaomba maji ya kunywa, hiyo nimewaachia wenye kampuni za safari. Nataka ya aluminiamu tu, yenyewe iwe na kilo mbili zake za halali, kichwa cha gololi (ball head) kinachokaza kikakazika, kindoano pale chini ya nguzo nitundike begi upepo ukija, na loki za kufyatua, maana zile za kuzungusha vumbi letu likiingia unasikia zinasaga mchanga. Hiyo tu. Unaambiwa agiza Kariakoo, kwa picha ya simu, utume hela yote, na ukiuliza kichwa kinakaza unajibiwa "ni og kaka", yaani orijino. Hilo ndo jibu.

Na hata ukiipata, katege hiyo stendi pembeni ya kihamba, shamba la ukoo la watu, kule Uru uone. Hujafungua hata mguu wa pili mzee ameshatoka kwenye migomba na panga mkononi. Mnapima nini hapa? Shikamoo mzee, napiga mlima. Marahaba, nani amekutuma? Mimi niliulizwa mipaka ya ukoo ambao siujui, ikabidi nikae chini nisikilize kesi ya mwaka gani sijui ya shangazi aliyeuza migomba ya mwenzie, kesi yenyewe tamu lakini mlima ukafunga.

Turudi kwenye sukari. Nimefika nyumbani na kilo moja, mke wangu hakuuliza stendi iko wapi, kauliza bei ya sukari. Nikamtajia. Akasema umepigwa. Yaani yule wa duka la pili aliniona nimetoka pale natoka jasho akajua huyu hana muda wa kubishana, akaongeza mia tano hapo hapo. Na miwa iko hapo chini tu, ukishuka njia ya Arusha Chini unaiona mpaka macho yanachoka! Halafu mke wangu kaipima pima mkononi hiyo paketi, akasema na hii kilo haifiki.

Nikamwambia rudia hapo.

Maana kama haifiki kilo, basi ile stendi imelazwa na chini ya kilo moja na nusu, na mimi nilishawakubalia wale watu kwamba sukari inacheza. Kesho asubuhi naenda, kwanza kwa huyu wa sukari, ana mzani pale mbele, apime na mimi naangalia. Akianza kuniambia mzani ni mzani tu mtanisikia mpaka Himo.