Majina 401 kabla ya Pujols

Jumamosi iliyopita kocha wa timu ya besiboli ya watoto aliniita pembeni akaniuliza umri wa mpwa wangu. Nikamwambia kumi na tatu. Baada ya dakika chache akauliza tena. Mara ya tatu akaomba karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa. Dada yangu alikuwa na picha yake kwenye simu, kocha akaipokea, akaikuza kwa vidole viwili mpaka tarehe ikajaa kioo kizima: 1 Januari. Akatutazama. Timu ile ina watoto kumi na wanne, na hakuna mzazi mwingine aliyeulizwa chochote. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi, glovu mapajani, akisikia yote, maana Kiingereza chake kimeshatupita sisi wakubwa.

Mliopita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mnaijua hiyo Januari. Nusu ya majirani zetu kambini tulizaliwa siku moja. Mpwa wangu alizaliwa kijijini, Fizi, Kongo, usiku, bila hospitali. Walipofika kuandikishwa, dada akataja mwaka, na siku na mwezi vikajazwa kama vilivyojazwa kwetu wote. Mwaka ni wa kweli. Dada anakumbuka hata mvua ya usiku ule.

Tukiwa njiani kurudi mtoto akaniuliza, "Mjomba, nimekosa nini?" Sikuwa na jibu. Usiku nilikaa jikoni nikimfikiria Albert Pujols, mmoja wa wapigaji wakubwa wa besiboli, kwa sababu tunaishi Kansas City, na kisa chake kilitokea hapahapa.

Pujols alifika Marekani mwaka 1996 akiwa kijana wa miaka 16 kutoka Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika. Ni mwaka uleule kambi yetu ilipofunguliwa. Familia yake ikaishia Independence, mji ulioshikana na huu wetu, akaingia shule ya Fort Osage bila kujua Kiingereza. Gongo la kupigia mpira alilijua. Mwaka wake wa mwisho pale, makocha wa timu pinzani walishaamua kwamba kijana huyu kijeba, kazidi miaka 18. Basi wakamnyima mpira. Warushaji wao walitupa nje ya eneo la kupigika kwa makusudi, akawa anatembezwa bure hadi besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia. Mara 55. Nafasi za kupiga kweli alizopata zilikuwa 33 tu, na katika hizo mpira ulivuka uzio, pigo kubwa kuliko yote, mara nane.

Akaenda chuo cha Maple Woods, kaskazini mwa jiji hili. Mechi yake ya kwanza alipiga mpira ukavuka uzio besi zote zikiwa na wenzake, na kwenye ulinzi akawatoa wapinzani watatu peke yake katika tukio moja. Kuna watu wamecheza maisha yao yote hawajaliona hilo la pili likitokea mbele yao.

Ikaja drafti ya Juni 1999, siku timu za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu. Timu ya Tampa Bay, wenye nafasi ya kwanza, wakamchukua Josh Hamilton. Wa pili Josh Beckett, akaenda Florida. Kansas City Royals, ambao uwanja wao uko jirani kabisa na Independence, walikuwa na nafasi ya saba wakamchukua Kyle Snyder. Oakland wakampata Barry Zito akiwa wa tisa. Raundi zikapita, majina yakasomwa, mpaka yakafika 401. Wa 402, raundi ya 13, St. Louis wakamtaja Pujols. Walimpa ofa ya dola 10,000 akakataa, akaenda kucheza ligi ya kiangazi huko Kansas, ndipo wakapanda hadi karibu 60,000. Hamilton alikuwa amelipwa karibu milioni nne.

Sitaki kumwonea Hamilton. Kipaji alikuwa nacho, dawa za kulevya zikamla miaka mingi, ligi kuu akaiona 2007, na 2010 akawa mchezaji bora wa American League, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Beckett na Zito nao walistahili. Kinachoniuma ni wale mamia waliofuata, na zaidi ya wote Royals, waliokuwa na mtoto huyu mlangoni.

Tena si kwamba hakuna aliyeona. Fernando Arango, msaka vipaji wa Tampa Bay haohao, alimpigania Pujols kwa mabosi wake. Wakampita raundi baada ya raundi. Arango akaacha kazi.

Najua mtaniambia umri haukuwa sababu pekee. Sawa. Wapo waliosema ana mwili mzito, wapo waliosema hana namba inayoeleweka uwanjani. Lakini hayo mawili mtoto anaweza kuyajibu: atapunguza mwili, atajifunza namba mpya. Shaka ya umri haijibiki kwa gongo. Akikosa mpira, hana kipaji. Akiupiga ukapotelea kwenye miti, ndiyo wanazidi kunong'ona kwamba si mtoto yule. Kila anapofanya vizuri anajiongezea kesi. Na anayebebeshwa kesi hiyo ni mwenye lafudhi, mwenye karatasi za mbali, mwenye ndevu zilizowahi kuota. Mtoto mrefu wa jirani yangu, mzaliwa wa hapa, akiupiga mpira uleule, wazazi wanapiga makofi na kuuliza anakula nini.

Udanganyifu upo, sikatai. Mwaka 2001 Danny Almonte aling'ara kwenye mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kama mtoto wa miaka 12, ikagundulika ana 14, na matokeo ya timu yake ya Bronx yakafutwa. Hata nyumbani tumewaona vijeba kwenye mashindano ya shule. Basi ombeni karatasi za watoto wote kumi na wanne, siku ya kwanza, mezani, kabla mtu hajashika gongo. Nitazileta za kwetu nikiwa wa kwanza kwenye foleni.

Mwaka 2001, wakati habari ya Almonte ikivuma, Pujols alikuwa tayari ligi kuu akipiga wastani wa .329, yaani akifanikiwa karibu mara moja katika kila nafasi tatu, na kuvusha uzio mara 37 katika msimu wake wa kwanza. Alistaafu 2022 akiwa amevusha uzio mara 703. Katika historia yote ya ligi hiyo waliofika 700 ni wanne.

Mpwa wangu amekulia Marekani, kwa hiyo siku zake zikifika njia yake itakuwa drafti, tofauti na Ben Serunkuma na Umar Male, vijana wa Uganda waliosainiwa moja kwa moja na Dodgers, timu ya Los Angeles, mwaka 2022. Huenda asifike kokote. Ana miaka kumi na tatu, wiki hii anapenda besiboli, wiki ijayo labda kikapu.

Jana jioni nilimsimulia zile mara 55. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Pujols alikuwa anawakasirikia. Nikamwambia sijui, ninachojua ni zile 33. Mechi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Dada ametoa nakala ya karatasi, iko kwenye mkoba wake pamoja na maji na machungwa, na safari hii kocha akiniita pembeni nitamwomba tuzungumze hapohapo, mbele ya wazazi wote.